Sukari za kuvu: Zipo zinazoamsha kinga ya mwili na zipo zinazoilaza

MKEBE wa tembe za uyoga unaouzwa mjini aghalabu huwa na neno moja ambalo mnunuzi halielewi: polisakaridi. Mchuuzi hueleza kuwa hizo ndizo zinazotia nguvu kinga ya mwili, na mara nyingine huthubutu kuongeza kwamba zinatibu saratani. Mgonjwa ambaye jamaa zake wameshauza ng'ombe na kuandaa harambee ili kulipia matibabu hana nafasi ya kuuliza ni polisakaridi ipi, imetolewa katika uyoga gani, wala imetayarishwa kwa njia gani.

Ilhali hayo ndiyo maswali ambayo maabara za Japani, Uingereza na Marekani zimekuwa zikiyashughulikia kwa zaidi ya nusu karne. Majibu yaliyopatikana hayalingani na maneno ya mchuuzi, wala hayalingani na ya yule anayedai kuwa jambo lote ni ulaghai mtupu.

Kwa lugha nyepesi, polisakaridi ni mnyororo mrefu uliofungwa kwa vipande vingi vya sukari. Wanga uliomo katika ugali ni polisakaridi. Selulosi, ambayo ndiyo pamba karibu yote, nayo ni polisakaridi. Ile inayowashughulisha zaidi wataalamu wa kuvu huitwa beta-glukani. Ajabu ni kwamba zote tatu zimejengwa kwa sukari moja tu, glukosi. Kinachozitenganisha ni mahali na pembe ambapo kipande kimoja hushikana na kingine. Tofauti hiyo ndogo ndiyo humfanya mtu ashibe kwa ugali lakini asishibe kwa kutafuna shati.

Katika beta-glukani ya uyoga, uti wa mnyororo huungwa kwa kushikanisha kaboni ya 1 ya glukosi moja na kaboni ya 3 ya jirani yake, huku matawi mafupi yakichipuka kwenye kaboni ya 6. Lentinani, inayotolewa katika uyoga wa shiitake, huwa na matawi mawili kwa kila glukosi tano za uti huo. Skizofilani, ya uyoga mdogo wa kijivu uitwao Schizophyllum commune ambao huota kwenye magogo makavu karibu kote duniani, huwa na tawi moja kwa kila glukosi tatu. Minyororo mitatu hujisokota pamoja mithili ya kamba ya katani.

Mwili wa binadamu hauundi beta-glukani hata chembe. Kwa kuvu, kinyume chake, hiyo ndiyo nguzo ya ukuta wa seli. Kwa hivyo seli ya kinga inapokumbana nayo haihitaji ushahidi mwingine kwamba mgeni ameingia. Madaktari nao wameitumia tofauti hiyo kwa upande wa pili: dawa ya kaspofungini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hupambana na kuvu kwa kuzuia utengenezaji wa beta-glukani, kitu ambacho seli za mgonjwa hazina.

Utafiti wenyewe ulianzia kwenye hamira. Katika miaka ya 1940 Louis Pillemer, mwanasayansi wa Cleveland nchini Marekani, alikuwa akitumia mabaki ya ukuta wa seli za hamira, yaliyopewa jina la zaimosani, kuchunguza protini za damu zinazosaidia kuangamiza viini. Baadaye ilionekana kwamba wanyama waliodungwa zaimosani walikuwa na seli zilizo hodari zaidi katika kumeza takataka na viini, na mwaka 1961 Riggi na Di Luzio wakaonyesha kuwa kiungo chenye kazi hiyo kilikuwa glukani.

Hata hivyo, hatua kubwa ilipigwa Tokyo. Mwaka 1969 Goro Chihara na wenzake wa Kituo cha Kitaifa cha Saratani walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya majaribio yao ya panya waliopandikizwa uvimbe uitwao sakoma 180. Katika panya waliodungwa polisakaridi ya shiitake, uvimbe ulinywea, na kwa baadhi yao ukatoweka. Jambo lililozua udadisi ni kwamba lentinani haikuwa sumu kwa seli za saratani zenyewe. Mwaka 1971 Maeda na Chihara wakatoa ithibati ya ilikopitia nguvu hiyo: panya walioondolewa tezi ya thaimasi, ambayo ndiyo chuo cha mafunzo cha seli za kinga aina ya T, hawakufaidika. Dawa haikumpiga adui. Ilimwamsha mlinzi.

Kati ya mwaka 1977 na 1986 Japani iliidhinisha dawa tatu za aina hii: PSK, inayotolewa katika kuvu ya Trametes versicolor, lentinani, na skizofilani. Inafaa msomaji atazame jinsi zilivyotumiwa, kwa sababu hapo ndipo mikebe ya madukani huachana na historia hiyo. Lentinani ilidungwa mshipani na kuandamana na tibakemikali kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo. Skizofilani nayo ilidungwa, pamoja na tiba ya mionzi, kwa wanawake wenye saratani ya mlango wa uzazi. PSK pekee ndiyo iliyomezwa, na serikali ya Japani ilipoipitia upya mwaka 1989, iliagiza itumiwe tu kwa kuandamana na tibakemikali.

Ushahidi unaotajwa mara nyingi zaidi kuhusu PSK ulichapishwa na jarida la Lancet mwaka 1994. Wagonjwa 262 wa Japani waliokuwa wamekatwa uvimbe wa saratani ya tumbo waligawanywa kwa kura. Wote walipata tibakemikali. Nusu wakaongezewa PSK. Baada ya miaka mitano, asilimia 73 ya waliopewa PSK walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 60 ya wenzao. Pengo hilo si dogo. Lakini walikuwa watu ambao daktari wa upasuaji alikuwa ameshawaondolea uvimbe, na ambao hawakuacha dawa za hospitali hata siku moja kwa sababu ya uyoga.

Kuhusu Ganoderma, uyoga ambao Wachina huuita lingzhi na Wajapani reishi, na ambao ndio hujaza mikebe mingi inayouzwa humu nchini, hali ni hafifu zaidi. Mwaka 2012 shirika la Cochrane, linalochuja tafiti za tiba kote duniani, lilipata majaribio matano pekee ya watu yaliyofaa kuhesabiwa. Wachunguzi hao walikata kauli kwamba hakukuwa na ushahidi wa kutosha wa kuufanya uyoga huo kuwa tiba ya kwanza ya saratani. Hawakukana kwamba ungeweza kutumiwa kando ya matibabu ya kawaida, mradi faida na madhara yake yapimwe kwa kila mgonjwa.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejua barabara ni mlango gani sukari hizi hubisha kwenye seli. Jibu kuu lilitoka Oxford mwaka 2001, Gordon Brown na Siamon Gordon walipoonyesha kuwa protini iitwayo Dektini-1 ndiyo kipokezi cha beta-glukani. Kipokezi hicho hukaa juu ya makrofaji, nutrofili na seli za dendriti, yaani seli nyeupe ambazo hufika mwanzo palipo na uvamizi. Kikinaswa na beta-glukani, seli humeza kilichobeba sukari hiyo, humwaga kemikali kali za oksijeni na kutoa ishara za kuwaita wenzake. Seli za dendriti huchukua habari hizo hadi kwenye tezi za limfu, ambako seli za T hupangwa kwa vita.

Kipokezi hiki si pambo la maabara. Mwaka 2009 iliripotiwa familia moja ya Ulaya ambayo baadhi yake walirithi Dektini-1 yenye kasoro. Walisumbuliwa na maambukizi ya kuvu yasiyokwisha ya kucha na sehemu za siri.

Mwaka 2011 watafiti wa Los Angeles walifumbua fumbo jingine. Beta-glukani iliyoyeyuka kabisa majini hushikana na Dektini-1 lakini seli haishtuki. Ile iliyo katika chembe ngumu, kama kipande cha ukuta wa hamira, hukusanya vipokezi vingi mahali pamoja na kuzisukuma kando protini zinazozima ishara. Hapo ndipo seli huamka. Ni kana kwamba makrofaji hutaka kuhakikisha kuwa imemgusa adui mwenyewe, si harufu yake tu. Maana yake kwa mtengenezaji ni nzito: sukari ile ile, kutoka uyoga ule ule, yaweza kuamsha seli au kuiacha imelala, kutegemea jinsi ilivyotayarishwa. Sukari iliyoyeyuka, kama lentinani, hupitia njia nyingine, zikiwemo protini za damu na kipokezi kiitwacho CR3.

Mwaka huo huo Mihai Netea wa Nijmegen, Uholanzi, na wenzake walianza kulitumia jina la kinga iliyofunzwa. Ilikuwa imeaminiwa kuwa seli za mstari wa mbele hazina kumbukumbu. Kundi hilo limeonyesha kuwa monositi zilizokutana na beta-glukani hubadilisha namna zinavyosoma jeni zao, na siku kadhaa baadaye hupambana kwa ukali zaidi hata na kiini cha aina nyingine. Chanjo ya BCG, ambayo watoto wa Kenya hudungwa wakizaliwa ili kuwakinga na kifua kikuu, huleta mabadiliko ya namna hiyo hiyo.

Je, sukari hizi hutolewaje? Njia kongwe haitofautiani sana na ya jikoni. Uyoga hukaushwa na kusagwa, kisha huoshwa kwa pombe ya ethanoli ili kuondoa mafuta na sukari nyepesi. Halafu huchemshwa kwa maji kwa saa kadhaa. Maji hayo huchujwa, hupunguzwa kwa joto hadi yawe mazito, kisha humiminiwa ethanoli mara tatu au nne ya kiasi chake na kuachwa kwenye baridi usiku kucha. Polisakaridi haipatani na pombe. Asubuhi hukutwa imejikusanya chini mithili ya utando mweupe. Mabaki ya uyoga ambayo hayakuyeyuka bado huwa na glukani nyingi, nayo hutolewa kwa soda kali.

Kinachopatikana hapo bado ni mchanganyiko. Protini huondolewa kwa kutikisa maji hayo pamoja na kloroformu na butanoli. Sukari ndogo na chumvi huvujishwa kupitia utando wenye matundu madogo mno. Kinachobaki hupitishwa kwenye safuwima zinazotenganisha minyororo kwa ukubwa na kwa chaji yake ya umeme, na mwishowe hukaushwa kwa kugandishwa. Kila hatua ina hatari zake. Soda ikizidi ukali, kamba ya nyuzi tatu husokotoka na huenda isijirudie umbo lake. Mtengenezaji asiyepima umbo baada ya kukausha hajui ana nini mkononi.

Viwanda vingi havingoji uyoga uchipue, kazi ambayo yaweza kuchukua miezi. Badala yake hukuza nyuzi za kuvu ndani ya matangi ya maji yenye glukosi na virutubishi, katika joto la nyuzi 25 hivi, na kuvuna baada ya siku kadhaa. PSK ilitengenezwa kutokana na nyuzi hizo. Ugumu wa njia hii umo katika ufanisi wake wenyewe: kadiri kuvu inavyotoa sukari ndivyo maji yanavyokuwa mazito kama uji, na oksijeni ikashindwa kupenya. Fundi akiongeza kasi ya pangaboi ili kuisambaza, huzikata nyuzi na kupunguza mavuno.

Pigo kubwa zaidi kwa tafiti za fani hii, lakini, limetokana na uchafu usioonekana. Bakteria wa aina fulani hubeba katika ngozi yao sumu iitwayo endotoksini, nayo huenea majini, kwenye vyombo na hata kwenye vumbi. Kiasi kidogo mno cha sumu hiyo hutosha kuzifanya makrofaji zitoe ishara za vita. Mtafiti asiye mwangalifu huweka dondoo la uyoga juu ya seli, huziona zikishtuka, na kuandika kuwa uyoga ndio uliozishtua.

Kipimo cha kawaida cha endotoksini hutumia damu ya mnyama wa baharini aitwaye Limulus, anayefanana na kaa aliyevalia kofia ya chuma. Damu hiyo huganda ikikutana na sumu ya bakteria. Kwa bahati mbaya, huganda pia ikikutana na beta-glukani, kwa kupitia protini nyingine ya damu hiyo. Kwa hivyo anayetafuta uchafu ndani ya beta-glukani hupata jibu la uongo asipoifunga kwanza njia hiyo ya pili. Wajapani waligeuza kero hiyo kuwa faida: njia ya pili imezaa kipimo cha kutambua kuvu katika damu ya wagonjwa mahututi, nacho kinatumika hadi leo.

Hata PSK haikusalimika. Mwaka 2015 watafiti wa Seattle walitoa taarifa kwamba sehemu ya nguvu yake, ile inayopitia kipokezi cha TLR2, haikutokana na sukari bali na mafuta yaliyoandamana nayo. Walipoyaharibu mafuta kwa kimeng'enya, ishara ile ilizimika. Beta-glukani ilikuwa mshirika katika kazi, wala si mtendaji pekee. Dawa hiyo ilikuwa imeidhinishwa miaka 38 kabla.

Ikiwa dawa ya hospitali ilificha siri kwa muda huo wote, mkebe wa dukani una nafasi kubwa zaidi ya kuficha yake. Bidhaa nyingi hutengenezwa kwa nyuzi za kuvu zilizooteshwa juu ya nafaka, kisha vyote viwili husagwa pamoja. Kipimo cha bei nafuu cha fenoli na asidi ya salfuriki, kilichochapishwa mwaka 1956, hujumlisha sukari zote bila kubagua. Wanga wa mchele au mtama huhesabiwa sawa na beta-glukani. Mkebe waweza kujivunia asilimia kubwa ya polisakaridi na usiseme uongo, ilhali mnunuzi amelipia unga wa nafaka. Tone la iodini hufichua mengi, kwani hugeuza wanga kuwa wa buluu iliyokoza, jaribio ambalo wanafunzi hulifanya shuleni. Lebo inayostahili kusomwa ni ile inayotaja jina la kuvu, sehemu iliyotumiwa, na kiasi cha beta-glukani kikiwa peke yake.

Isitoshe, kuamsha kinga si heri kwa kila mtu. Aliyepandikizwa figo hutumia dawa za kuituliza kinga ili isikishambulie kiungo kipya. Mwenye ugonjwa unaotokana na kinga kuushambulia mwili wenyewe hana haja ya kuichochea. Madaktari huonya pia kuhusu Ganoderma kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Uyoga wa jamii ya Pleurotus ambao wakulima wa humu nchini hukuza katika mifuko ya mabua una beta-glukani zake pia, na ukipikwa ni kitoweo kizuri chenye nyuzinyuzi za chakula.

Kuna sukari nyingine ya kuvu ambayo haiuzwi katika mkebe wowote, na ambayo hospitali za Afrika Mashariki zinaijua kuliko lentinani. Ni ya Cryptococcus, kuvu inayoishi katika udongo na kinyesi cha njiwa, na ambayo huvutwa kwa pumzi. Mtu mwenye afya huidhibiti bila kujua. Kwa mwenye Ukimwi uliokithiri, huenea hadi kwenye utando wa ubongo na kusababisha maumivu makali ya kichwa, kuchanganyikiwa na kifo.

Silaha yake ni polisakaridi. Kuvu hii hujifunika gamba nene la sukari iitwayo glukuronoksailomanani, juu kabisa ya beta-glukani. Dektini-1 haioni kitu. Makrofaji huteleza juu ya gamba hilo na kushindwa kumeza. Mbali na kujificha, kuvu humwaga sukari hiyo ndani ya damu na maji ya uti wa mgongo, ambako huzuia nutrofili kufika penye maambukizi na kupoza ishara za seli za T. Candida, kuvu ya utando mweupe mdomoni, hutumia hila inayokaribiana na hiyo kwa kufunika beta-glukani yake kwa manani. Zote ni polisakaridi za kuvu, na kama jina hilo peke yake lingetosha kuwa tiba, wagonjwa hao wangepona kwa wingi wa sukari iliyomo mwilini mwao.

Makadirio ya mwaka 2020 yalihusisha Cryptococcus na vifo 112,000 duniani, karibu kimoja kwa kila vitano vinavyotokana na Ukimwi. Wengi wa waliofariki ni wa Afrika kusini mwa Sahara.

Lakini sukari inayomwagwa hivyo humsaliti mwenyewe. Huonekana katika damu majuma kadhaa kabla ya kichwa kuanza kuuma, na tangu mwaka 2011 kumekuwa na kijikaratasi cha kuitambua kwa dakika chache, mfano wa kile cha kupimia mimba. Jijini Dar es Salaam na Lusaka, wagonjwa 1,999 walioanza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi wakiwa wamedhoofika mno waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipimwa sukari hiyo, waliopatikana nayo wakapewa dawa ya kuvu mapema, na wahudumu wa jamii wakawatembelea wote wa kundi hilo nyumbani katika majuma ya kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: katika mwaka mmoja walifariki asilimia 13 ya kundi hilo, dhidi ya asilimia 18 ya wale waliopata huduma ya kawaida. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kipimo hicho kwa watu wazima wenye virusi vya Ukimwi ambao seli zao za CD4 zimeshuka chini ya 100, na hata chini ya 200 panapowezekana, kabla ya kuanza au kurejelea dawa.